Kikombe Ambacho Mama Athanasie Hakukionja

Huku kwetu Goma mtu hakupi kinywaji hivi hivi. Chupa hufunguliwa mbele ya macho yako, na kama ni kinywaji cha kumiminwa, mwenye nyumba hupiga funda moja kwanza, ameze ukimwona, ndipo akupe kikombe. Msidhani ni adabu tu. Tunaogopa sumu. Tunaogopa hasa ile sumu ya polepole tunayoiita karuho, ambayo watu husema hukaa mwilini miezi, ikimla mtu mpaka abaki mifupa na tumbo lililovimba. Mimi nimekaa mji huu tangu nilipoletwa kutoka Butembo kuolewa, na karuho sijaiona kwa macho yangu. Lakini pia sijawahi kunywa kikombe ambacho aliyenipa hakukionja, isipokuwa cha Mama Athanasie, na ni habari za huyo ninazotaka kuwasimulia.

Jina langu ni Kanyere. Nauza maharage, chumvi na mafuta ya mawese kando ya barabara ya Sake, pale Lac Vert, na wanaonijua watawaambia kwamba ulimi wangu hauna kufuli. Nasimulia kwa huzuni, lakini hasira nayo imo, msinilaumu. Nilimpenda yule mwanamke. Ukimpenda mtu, upumbavu wake unakuuma kuliko wa mwingine.

Athanasie Mukamugema alizaliwa kwenye milima ya Masisi, katika nyumba ya wafugaji. Alikuwa mtu wa maziwa na majani mabichi, na mpaka uzee wake alipoona ng'ombe barabarani alisimama kumtazama kama wengine wanavyomtazama bibi harusi. Vita vilimtoa huko mara ya kwanza mwaka 2008. Walikimbia usiku na mchana, na mama yake mzazi alikuwa ameshindwa kutembea. Ndugu walikuwa na mizigo na watoto. Kila mmoja aliangalia pembeni. Aliyeinama akamweka yule bibi mgongoni ni kijana aliyekuwa akichunga ng'ombe wa nyumba yao, Cyprien. Alimbeba mpaka Sake, kisha kutoka Sake akamfikisha kambi ya Mugunga, juu ya yale mawe meusi ya volkano yanayokata viatu. Bibi alifariki baadaye humo kambini, lakini alifariki juu ya mkeka, watoto wake wamemzunguka, si kando ya njia kama mbwa.

"Ule mutu alinibebea mama," Athanasie aliniambia si mara moja. "Siwezi kumusahau hata siku ya kufa kwangu."

Vita vilipopoa walirudi milimani. Akajenga, akalima, akamzika mume wake kwa homa ya kawaida, maana si kila mtu huku anauawa na risasi. Mwaka 2023 vita vikamtoa tena. Akarudi Mugunga ile ile, mawe yale yale, safari hii na mwanawe Éphraïm, mkaza mwana wake Bénita, na wajukuu. Hema la kando lilikuwa la nani? La Cyprien, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye mke, Bénédicte, na watoto. Mungu ana njia zake za kuwaweka watu pamoja.

Athanasie hakuwa mtu wa kukaa na kungoja mgao. Alipika musururu. Wasioujua, ni kinywaji cha mtama: unaloweka mtama mpaka uote, unauanika, unausaga, unaupika, unauacha uchachuke kidogo. Wake ulikuwa mzito na wenye utamu wa mbali, na alikuwa nao kwenye bidoni, lile dumu la plastiki la njano, mlangoni mwa hema. Kila alasiri Cyprien alikuja kuketi kwenye jiwe lake pale mlangoni. Athanasie alimimina, akapiga funda lake, akameza, akampa. Kwake hakuwahi kupokea malipo.

Basi likaja shirika moja. Jina lake limenitoka. Mashirika huku huja na kuondoka kama mvua. Lilitafuta wajitolea wa afya, wale tunaowaita reko, ili wafundishwe juu ya ugonjwa wa hepatiti. Kazi yetu haikuwa kugawa dawa. Tulitakiwa kuwaeleza watu hema kwa hema, na kisha kuwasemea mbele ya wakubwa, ili watu wa kambi wapimwe na wachanjwe kabla tumbo halijavimba. Mimi niliingia kwa sababu ya ulimi wangu. Athanasie aliingia kwa sababu kila mtu alipita kwake kunywa.

Mafunzo yalifanyika katika ukumbi wa kanisa pale Lac Vert. Mwalimu wetu alikuwa muuguzi Victoire, mwanamke mfupi wa mjini, mwenye sauti ya upole na macho yasiyokuacha. Siku ya kwanza tuligombana juu ya jina tu. Neno hepatiti liliwashinda nusu ya watu. Buhendwa, dereva wa pikipiki aliyekuwa reko pamoja nasi, alisema tuuite ugonjwa wa macho ya manjano. Victoire akakataa.

"Hapana, papa," alisema. "Batu wengi wako nayo miaka mingi, na macho ni meupe kabisa. Mukisema macho manjano, mutu mwenye macho meupe atasema, mimi niko mzima."

Hapo Athanasie akainua mkono. Akasema kwamba katika lugha ya nyumbani kwake ini linaitwa umwijima, na neno hilo hilo ndilo giza. "Kwetu ni kama kusema ugonjwa ya giza. Unakaa ndani, hauonekane." Tulicheka, lakini Victoire hakucheka. Alimtazama kama mtu aliyeokota kitu. Mwishoni tukakubaliana kusema ugonjwa wa ini, tu.

Kulikuwa na zoezi ambalo sitalisahau. Tuliketi wawili wawili, mmoja akawa mgonjwa, naye alitakiwa kusema kwa sauti: niko na ugonjwa wa ini, na sioni haya kuusema. Wengi wetu tulicheka cheka ovyo. Zamu ya Athanasie ilipofika, alifunga macho kwanza. Kisha akasema, taratibu, akimtazama Buhendwa usoni, mpaka yule mwanaume mzima mwenye mabega kama mlango akajifuta machozi kwa mkono wa shati. Na ndiye aliyetuletea methali tuliyoitumia kambi nzima: mficha maradhi, kifo humuumbua. Ilikuwa yake. Aliisema hema kwa hema. Nawaomba muikumbuke, kwa maana mimi hainitoki.

Baada ya hapo Victoire alisema huwezi kuwaambia watu wapimwe na wewe hujapimwa. Tukapimwa wote. Kila mtu aliingia peke yake katika chumba cha nyuma cha kanisa kupokea majibu, na waliokuwa wazima walianza chanjo. Nilipotoka mimi, nilicheza pale pale. Athanasie alitoka baada yangu, anatabasamu, anajifunga kitenge upya.

"Damu yangu ni safi," alisema.

Tukapigiana makofi. Nilimkumbatia. Hivyo ndivyo nilivyojua mimi, na ndivyo walivyojua wote.

Yaliyosemwa mle chumbani alinieleza mwenyewe baadaye, wakati maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Victoire alimwambia kwamba anao, ule wa aina ya B, na kwamba ini lake bado ni zima, atakuja kuangaliwa mara kwa mara. Alimwambia kwamba unapita kwa damu, kwa kitanda, na kwa mama kumwambukiza mtoto anapozaliwa. Wembe na mswaki asishiriki na mtu. Lakini kula pamoja, kupika, kubeba mtoto, kunywa kikombe kimoja, hayo hayana shida, aendelee kama zamani.

Athanasie aliyaamini yote isipokuwa la kikombe. Fizi zake zilikuwa zinatoka damu alipotafuna muwa. Akajiambia moyoni: je, damu ikiingia kikombeni? Mwalimu alikuwa mbele yake, magoti yao yanakaribia kugusana, na hakuuliza. Angeuliza, angejibiwa kwa neno moja. Lakini aliokuwa akiwafikiria wakati ule ni wajukuu wake. Aliona kwamba Bénita akisikia, hatawaruhusu tena kula mkononi mwake. Aliona bidoni ya musururu imekauka mlangoni, watu wanapita upande wa pili wa njia. Akameza yote, akatoka akitabasamu.

Na tangu siku hiyo akaacha kuonja.

Mnaona basi alivyofanya? Alitaka kuwalinda. Alimimina musururu, akampa mtu kikombe bila kukigusa kwa mdomo, na moyoni alijiona anatenda wema. Katika mji mwingine pengine lisingekuwa neno. Lakini huku kwetu, mwanamke anayekupa kinywaji bila kukionja amekwisha kusema jambo, hata kama hakufungua kinywa.

Mimi niligundua mapema. Nilimtania: "Mama Athanasie, sasa unataka kuniua? Na lile deni langu la maharage utamlipa nani?"

"Meno inaniuma, Mama Kanyere," alijibu. "Kinywaji cha baridi kinaniumiza."

Nikanywa, kwa sababu nampenda na kwa sababu mimi ni mlafi. Lakini meno yale yaliuma wiki baada ya wiki. Watu wakaanza kuulizana ni jino gani hilo lisilong'oka. Wengine waliacha kuja. Cyprien hakuacha. Alasiri ilipofika alikuwa kwenye jiwe lake, akapokea kikombe kisichoonjwa, akanywa mpaka tone la mwisho, na mtu akimsemesha alijibu kwamba yeye na Athanasie wametoka mbali.

Wakati huo huo Athanasie alikuwa reko bora kuliko sisi sote. Mkubwa wa afya alipotembelea kambi, sisi wengine tulijipanga kupiga makofi, yeye alisimama akamuuliza kwa nini watu wa Mugunga hawapimwi mpaka wawe wa kubebwa. Mashine za kupima ziliongezwa mwezi ule. Akina mama walikuja kwake kwa siri, wakinong'ona majibu yao, naye aliwashika mikono akawaambia wasione aibu, wawaambie waume zao. Aliwaambia wengine. Hilo ndilo linaloniuma mimi, kwamba maneno aliyoyahitaji yalikuwa kinywani mwake kila siku, na aliyagawa yote.

Mvua zilipokwisha, Cyprien alianza kukonda mashavu na kunenepa tumbo. Kabla ya mtu yeyote Athanasie aliliona. Aliona macho, akaona miguu iliyojaa maji, na alifahamu, maana picha za wagonjwa wa ini tulionyeshwa sote mafunzoni. Alikwenda mbio kwa Victoire. Victoire naye hakulala: alipata kitanda katika hospitali kubwa ya mjini, na gari la shirika lingekuja kumchukua Cyprien siku ya Alhamisi mchana. Bénédicte, mke wa Cyprien, alikubali. Cyprien alikubali. Ilibaki kungoja gari.

Alhamisi asubuhi akatokea Moïse, kaka mkubwa wa Cyprien, kutoka Sake. Alimtazama mdogo wake mara moja tu, akasema neno lililofunga njia zote.

"Hii ni karuho."

Nilikuwepo. Nilikuwa nimekuja kumsaidia Bénédicte kufunga vitu vya hospitali. Moïse akauliza mdogo wake anakunywa kwa nani. Mtoto wa jirani akaonyesha kwa kidole hema la Athanasie. Na huyo mwenye hema, Moïse akauliza, huwa anaonja? Watu waliokusanyika mlangoni wakaangalia chini. Nyinyi mnajua jinsi watu wanavyoangalia chini wakati jibu ni baya.

Athanasie aliitwa. Alikuja haraka, akifikiri gari limefika. Alipoelewa kwamba Moïse anataka mdogo wake apelekwe kutapishwa sumu, alianza kueleza: huu ni ugonjwa wa ini, si sumu, akitapishwa atakufa, hospitali wanatoa maji tumboni, kuna vidonge. Alieleza vizuri sana. Moïse alimsikiliza mikono nyuma, kisha akawageukia watu.

"Mwenye kuweka sumu atakataa utapishwe," alisema. "Ingekuwa mimi, nami ningekataa."

Cyprien alikuwa ameketi ndani, ameegemea gunia, blanketi juu ya miguu yake. Alinyanyua mkono. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini wote tuliisikia.

"Muache makelele. Mulete ule musururu yake. Athanasie aonje, mimi nikunywe nyuma yake, mbele ya Moïse. Akionja, gari ikuye, niende hospitali. Maneno iishe."

"Akionja, nakubali," Moïse alisema. "Sikatae."

Nilipumua. Niliona jambo limekwisha. Nilikwenda mwenyewe kumimina kutoka kwenye bidoni, nikarudi na kikombe, nikampa Athanasie. Funda moja. Hata mtoto mchanga angeweza kulimeza. Alikipokea kwa mikono miwili, akakiinua mpaka kidevuni, na pale kikasimama.

Nilimtazama nisielewe. Alikuwa akiangalia midomo ya Cyprien, iliyopasuka pasuka, ina vidonda. Alikuwa anafikiria fizi zake mwenyewe. Alinieleza baadaye: moyo wake ulimwambia kwamba kama huyu mtu hana virusi, kama ni ugonjwa mwingine, basi yeye atamwambukiza sasa hivi, kwa hiki kikombe, huyu aliyembeba mama yake. Yote aliyofundishwa yalimtoka. Likabaki lile alilojifundisha mwenyewe.

"Onja basi, Mama Athanasie," Bénédicte alimwambia. Alikuwa anamsihi, mikono imefungwa kama mtu anayesali. "Onja tu."

"Siwezi kutia kinywa yangu mu kikombe ya mugonjwa."

"Juu ya nini?" Moïse aliuliza.

"Juu ya..."

Aliangalia mlangoni. Bénita alikuwa amesimama pale, mtoto mgongoni, wajukuu wawili wameshika kitenge chake. Nusu ya kambi ilikuwa nyuma yao. Neno lilikuwa mdomoni mwake, lile alilolisema mafunzoni mpaka Buhendwa akalia. Lilikuwa karibu kutoka, naapa.

"Meno inaniuma," alisema.

Moïse alicheka. Hakuhitaji kusema zaidi. Athanasie aliweka kikombe chini polepole, kana kwamba kilikuwa kimejaa moto, na Cyprien akageuza uso wake kwenye turubai. Mimi nilipiga kelele. Nilisema huu ni ujinga, nilisema nitakunywa mimi, na kweli nilikiokota nikakimaliza. Haikusaidia kitu, si mimi niliyekuwa nampa kinywaji. Gari lilipofika, dereva alipiga honi, akangoja, akaja kuuliza, akafukuzwa. Likarudi mjini tupu.

Kesho yake, jua linachomoza, Athanasie alitoka hemani ameamua. Hakuwa amelala. Alikuwa amejiambia atasema yote mbele ya Moïse, wamtukane wakitaka, wamwage musururu wakitaka. Alikuta hema la Cyprien liko wazi na hakuna mtu. Walikuwa wameondoka alfajiri, Cyprien amefungwa kwa kitenge kati ya dereva wa pikipiki na Moïse, kumpeleka kwa mzee mmoja nyuma ya Sake anayetapisha watu kwa majani. Athanasie alimwita Buhendwa, wakapanda pikipiki yake kuwafuata. Kizuizi cha askari kiliwashikilia njiani mpaka jua likawa utosini. Walipoachiliwa walikutana na pikipiki iliyokuwa imembeba Cyprien inarudi.

Mzee alikuwa amempa majani, na Cyprien alitapika. Kwanza maji, kisha damu, nyingi, mpaka ikaisha na yeye akaisha nayo. Moïse aliileta nguo yenye damu kambini akaionyesha kila mtu: tazameni, sumu imetoka. Victoire alitueleza sisi reko siku chache baadaye, akizunguka zunguka ukumbini hajui aweke wapi mikono. Ini likikauka, mishipa ya ndani ya koo huvimba, na mtu akitapishwa kwa nguvu, mishipa hiyo huweza kupasuka. Hospitalini wangemtoa maji, wangemwanzishia vidonge. Kupona kabisa, hapana, alisema. Lakini angeweza kuishi.

Hema la Athanasie lilichanwa siku ile ile ya mazishi. Bidoni ilitobolewa kwa panga, musururu ukatiririka kati ya mawe. Kamati ya kambi ilimwambia aondoke kwa usalama wake mwenyewe. Nikamleta kwangu Lac Vert, yeye, Éphraïm, Bénita na watoto, nikawapa stoo yangu. Na ni hapo, katikati ya magunia ya maharage, aliponiambia yale ya chumba cha nyuma cha kanisa.

Pengine mnangoja niseme nilimfariji. Nilimfokea. Nilimwambia: ulifundisha kambi nzima kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, kumbe kifo chenyewe umemwachia mwingine akibebe! Nilisema hivyo, na alikubali kwa kichwa, akizidi kulia. Nilipochoka kufoka niliketi karibu naye na mimi nikalia. Bénita aliyasikia yote kutoka mlangoni. Yule mkaza mwana ambaye Athanasie alimwogopa kuliko Moïse alikuja akaketi, akamkabidhi mtoto mikononi.

"Basi tupime batoto, mama," alisema. "Shika huyu, niko napika."

Wajukuu walipimwa, wakawa wazima. Waliendelea kula mkononi mwa bibi yao. Victoire alimwomba arudi kufundisha reko wapya. Alisema sasa ndipo anafaa kweli. Athanasie alikataa. Alisema hawezi kusimama mbele ya watu kabla hajasimama mbele ya Bénédicte, na tena watoto wa Cyprien hawajapimwa. Mara nyingi nilikwenda Mugunga kwa niaba yake. Moïse alikuwa amekataza, na Bénédicte hakutoka hata kuniona.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 vita viliingia mjini penyewe. Nisiwaambie mliyoyasikia. Baadaye kambi zilianza kuvunjwa, na watu wakapita mbele ya duka langu siku nzima na magodoro vichwani, wakirudi milimani kwenye nyumba ambazo hawakujua kama zipo. Nilikuwa napima chumvi nilipomwona Bénédicte. Sufuria kichwani, watoto nyuma yake, mkubwa amebeba mdogo. Moïse hakuwa nao. Nilimwita Athanasie.

Alitoka stoo, akavuka barabara, akasimama mbele yake. Sikumwona akifunga macho safari hii.

"Bénédicte," alisema, "niko na ugonjwa ya ini. Nilijua tangu wakati ya mafunzo. Juu ya ile niliacha kuonja. Haikukuwa sumu, haikukuwa meno. Niliogopa kusema. Batoto wako wapimwe kwanza, mbele muende, nakuomba. Chanjo iko. Victoire ako pale kanisani leo."

Bénédicte alitua sufuria chini. Mimi nilisogea karibu, maana nilifikiri atampiga. Nisingemzuia, nawaambia kweli. Hakumpiga. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka tu.

"Ni ile tu?" aliuliza.

"Ni ile tu."

"Ungesema, tungekunywa. Cyprien angekunywa. Ule mutu hakukuwa anakuogopa, ata siku moja." Alifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Wewe haukuona. Siku ile, chini ya blanketi, alikuwa ameshavaa viatu. Miguu ilivimba, haikuingia, tukasukuma sisi wawili tangu asubuhi mpaka ikaingia. Alikataa kuenda hospitali na sandale. Akasema munganga ataniona kama mutu. Wakati ulitoka, ni mimi nilimuvua ile viatu."

Athanasie aliketi chini pale pale barabarani, juu ya vumbi jeusi, watu wanampita na magodoro yao. Bénédicte alijitwika sufuria yake. Kisha akaniuliza mimi, si yeye, kanisa liko upande gani, akachukua watoto wake akawapeleka kupimwa.